Shajara ya mradi: Twin Otter, mapipa na dira, kutoka Resolute hadi Alert

5 Januari 2025: Kanuni, vifaa na gharama

Mradi ni kuendesha, ndani ya simuleta (programu ya kompyuta inayoigiza urubani), huduma ya kupeleka mahitaji kwenye vituo vya kaskazini kabisa ya Kanada. Ndege ni de Havilland Canada DHC-6 Twin Otter, mfululizo wa 300. Kambi kuu ni Resolute, kwenye kisiwa cha Cornwallis, nyuzi 74.7 kaskazini. Kutoka hapo nitahudumia kwanza kijiji cha Grise Fiord kilichoko kusini mwa kisiwa cha Ellesmere, kisha kituo cha hali ya hewa cha Eureka kilichofunguliwa 1947, na mwisho Alert, nyuzi 82.5, makazi ya kudumu yaliyo kaskazini kuliko yote duniani. Kutoka Alert hadi Ncha ya Kaskazini ni kilomita 817.

Resolute sikuichagua kwa kubahatisha. Safari nyingi halisi za eneo hilo huanzia hapo. Mpango wa utafiti wa Kanada uitwao Polar Continental Shelf Program, ulioanza 1958, una kambi hapohapo na hutumia Twin Otter kuwafikisha watafiti visiwani. Ndege yenyewe si ngeni kwetu. Aliyewahi kusimama uwanja wa Wilson, Nairobi, ameiona ikipakia abiria wa Maasai Mara. Injini mbili za PT6, bawa juu, miguu isiyokunjwa, na uwezo wa kutua kwenye changarawe fupi. Iliruka mara ya kwanza 1965 na bado hakuna iliyoipokonya kazi hii.

Kanuni nilizojiwekea ndizo zinazoupa mradi maana, kwa hiyo atakayeiga azisome kabla ya kupakua chochote. Mzigo wote unapimwa kwa kilo kabla ya kuruka. Muda ni halisi, saa haiharakishwi. Hali ya hewa ni ile inayoripotiwa na vituo vyenyewe wakati huo. GPS imezimwa, pamoja na ile ramani yenye kindege kinachotembea, mpaka njia iweze kurukwa bila hivyo. Na mafuta hayajazwi kwa kubofya: yaliyopo kituoni ni yale yaliyopelekwa.

Gharama za kuanzia: joystiki iliyotumika, shilingi 120,000 za Tanzania, kumbukumbu ya kompyuta kutoka gigabaiti 8 kufikia 16, shilingi 90,000. Data za ardhi ni za bure, ila bando la kuzishusha si la bure, na nimelipa karibu 40,000 kwa mwezi huu pekee. Betri ya akiba ya kompyuta ilikuwepo tayari. Asiye nayo aitafute mapema, maana safari ya saa mbili na nusu haivumilii umeme kukatika katikati.

9 Januari: Ardhi iliyoharibika

Hatua hii ilikula siku nyingi kuliko nilivyopanga. Simuleta nyingi hutegemea vipimo vya miinuko vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour Februari 2000, vinavyojulikana kama SRTM. Vipimo hivyo vinaishia nyuzi 60 kaskazini. Juu ya hapo kila programu inajaza pengo kwa data nyingine zisizo na undani, na kwangu matokeo yalikuwa fiodi (ghuba nyembamba kati ya milima) zenye ngazi, barafu ya bahari inayopanda mlima, na uwanja wa Grise Fiord uliokaa juu ya kichuguu.

Tiba ni ArcticDEM, ramani ya miinuko iliyotengenezwa kwa picha za satelaiti na Polar Geospatial Center ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Inatolewa bure kwa undani wa aina kadhaa, kuanzia mita 2. Usishawishike na mita 2. Kisiwa cha Ellesmere kwa undani huo kitamaliza bando na diski, na macho yako hayataona tofauti ukiwa futi 9,000. Mita 32 zinatosha kwa njia nzima; eneo dogo linalozunguka kila uwanja ndilo nililolishusha kwa mita 10.

Jaribio la kwanza lilishindwa kwa namna ambayo sikuona imeandikwa popote, kwa hiyo naieleza kwa kirefu. Milima ilitokea mizuri ajabu, lakini bahari haikukutana na ufuko. Kwenye Grise Fiord kulikuwa na ukuta wa mita kadhaa mahali ambapo maji yangepaswa kulamba changarawe. Nilidhani ni faili bovu nikashusha upya, na bando likaenda bure. Sababu ni kwamba miinuko ya ArcticDEM imepimwa kutoka umbo la kihesabu la dunia, ile duaradufu ya WGS84, na si kutoka usawa wa bahari. Tofauti ya viwili hivyo hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Inabidi kuondoa tofauti hiyo kwanza kwa kutumia modeli ya usawa wa bahari kama EGM2008, ndipo uipe simuleta. Programu yoyote huria ya ramani inaweza kuifanya kwa amri moja. Baada ya hapo bahari ilirudi mahali pake.

Viwanja vinne nimevisawazisha kwa mkono: Resolute, changarawe ya karibu mita 2,000, Grise Fiord, mita 500 na ushei, Eureka na Alert, zote changarawe, zote karibu mita 1,500 au zaidi. Kazi ya kawaida, sina la kuongeza.

14 Januari: Mwezi mpevu na dira isiyoaminika

Januari Resolute hakuna jua. Nilingoja mwezi mpevu kwa makusudi: majira haya ya baridi mwezi unapokuwa mpevu hauzami kabisa huko juu, unazunguka upeo siku kadhaa mfululizo, na theluji inaupa mwanga wa kutosha kuona ukingo wa kisiwa. Safari ya Grise Fiord ni maili za baharini 210 hivi, saa moja na nusu kwa mwendo wa noti 145 (noti ni maili ya baharini kwa saa).

Haikufika. Baada ya saa moja na dakika ishirini, mbele yangu palikuwa na pwani ya kisiwa cha Devon, ilhali nilipaswa kuwa ng'ambo ya mlangobahari wa Jones, chini ya milima ya Ellesmere. Nilikuwa nimepotoka kulia kwa takriban maili 40.

Hapa ndipo mradi ulipoanza kunifundisha, na nataka anayefuata aelewe vizuri.

Dira ya sumaku haina kazi Resolute. Mwaka 1831 James Clark Ross aliikuta ncha ya sumaku kwenye rasi ya Boothia, kusini mwa hapa. Tangu hapo imepanda kupitia visiwa hivi hivi, na katika miongo ya karibuni imekimbia kuelekea Siberia kwa zaidi ya kilomita 50 kwa mwaka, kasi iliyowalazimu watunzaji wa World Magnetic Model, modeli ya sumaku ya dunia, kutoa toleo jipya kabla ya wakati, Februari 2019. Ukiwa karibu na ncha hiyo, nguvu ya sumaku inaelekea chini ardhini badala ya mbele, na sindano inayumbayumba tu. Ndiyo maana katika anga ya kaskazini ya Kanada nyuzi zote ni za kaskazini ya kweli, na namba za viwanja, ambazo ni uelekeo wa njia ya kurukia kwa makumi ya nyuzi, hubeba herufi T: uwanja wa Resolute ni 17T na 35T.

Basi unafungua dira ya jairo (ya gurudumu linalozunguka kwa kasi) kutoka kwenye sumaku na kuiacha huru. Hapo linakuja tatizo la pili. Jairo inashika uelekeo wake angani, lakini dunia inazunguka chini yake. Kosa ni nyuzi 15 kwa saa ukizidisha na sine ya latitudo. Dar es Salaam, nyuzi 7 kusini, hilo ni chini ya nyuzi 2 kwa saa na hakuna anayelijali. Resolute ni nyuzi 14.5 kwa saa. Simuleta inaliigiza jambo hilo kwa uaminifu. Kwa saa moja na nusu kosa linakua kutoka sifuri hadi nyuzi 21, na usomaji wa jairo unashuka taratibu, kwa hiyo ukiufuata unageuka kulia bila kuhisi. Piga hesabu ya kosa linalokua hivyo kwa maili 210 na utapata maili 40 zilezile. Kosa halikuwa upepo wala data. Lilikuwa dunia.

Si jambo la mchezoni tu. Tarehe 20 Agosti 2011 Boeing 737 iliyokuwa inakuja kutua Resolute ndani ya wingu iligonga kilima maili moja hivi mashariki mwa uwanja. Kati ya watu 15, walifariki 12. Bodi ya Usalama wa Uchukuzi ya Kanada ilikuta, miongoni mwa sababu, kwamba dira za ndege zilikuwa zimepotoka kwa nyuzi kadhaa na hazikurekebishwa. Kilima hicho kipo kwenye ramani yangu, na kila nikishuka uwanja wa 35T nakikagua kwanza.

21 Januari: Gridi, na mzigo wa kwanza kufika

Suluhisho lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni kuacha kabisa kufikiri kwa nyuzi za kaskazini ya kweli wakati wa safari. Karibu na Ncha mistari ya longitudo inabanana, kwa hiyo ndege inayokwenda moja kwa moja inabadilisha uelekeo wake wa kweli kila dakika. Kutoka Resolute kwenda Grise Fiord unaanza na nyuzi 055 na kufika ukiwa na 066, bila kupinda popote. Mabaharia wa anga walilitatua zamani kwa gridi: unachukua mstari wa Greenwich kuwa kaskazini ya kila mahali. Upande wa magharibi, uelekeo wa gridi ni uelekeo wa kweli ukijumlisha longitudo. Resolute iko nyuzi 95 magharibi, basi 055 na 95 ni 150. Grise Fiord iko nyuzi 83 magharibi. 066 na 83 ni 149. Namba moja kwa safari nzima.

Ya pili ni kurudisha jairo kila robo saa kwa nyuzi 3.6, kuongeza, kwa upande huu wa dunia. Nimebandika karatasi pembeni ya kioo yenye dakika na nyuzi. Kabla ya kuruka naiweka jairo sawa na uwanja: nikiwa katikati ya 35T najua hasa pua inaelekea wapi, najumlisha 95, naiweka. Njiani nahakiki kwa mwezi. Simuleta yenye anga sahihi hukuruhusu kufanya hivyo kwa jedwali la kawaida la unajimu wa mabaharia: unajua mwezi uko nyuzi ngapi kwa saa hiyo, unauelekezea pua sekunde chache, unasoma jairo. Nilipoufanya mara ya kwanza tofauti ilikuwa nyuzi 2. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia kutua.

Nilifika. Kutua nako kulihitaji marekebisho. Uwanja wa Grise Fiord umebanwa kati ya bahari na milima inayoinuka nyuma ya kijiji, na mita 500 si nyingi ukizikaribia kwa noti 85. Mara mbili za mwanzo ndege iliishia kwenye theluji ng'ambo ya taa. Kilichofanya kazi: flapu (vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa) zote, nyuzi 37.5, kasi noti 70 unapovuka ufuko, na mara magurudumu yakigusa unashusha pua, kisha unarudisha propela hadi ukingo wa kusukuma nyuma bila kuvuka. Ukisukuma nyuma kwa nguvu juu ya changarawe unajirushia mawe kwenye propela, na theluji inakufunika usione mbele. Mwongozo wa ndege unaruhusu, hapo hapafai.

Mzigo ulikuwa kilo 950: mboga, maziwa, dawa, barua, vipuri vya jenereta. Vitu vizito huja kwa meli, mara moja kwa mwaka, barafu inapoachia mwishoni mwa kiangazi. Nilisoma historia ya kijiji kabla ya kukiwekea safari, na nashauri kila mtu asome. Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilizihamisha familia za Inuit, wenyeji wa asili wa Aktiki, kutoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, zaidi ya kilomita 1,500 hadi Grise Fiord na Resolute, mahali wasipopajua, penye miezi ya giza ambayo kwao haikuwapo, na kwa miaka mingi hawakupewa njia ya kurudi waliyoahidiwa. Iliwaomba radhi rasmi 2010. Watu hawa hawakuja kukaa mwisho wa dunia ili sisi tupate misheni ngumu. Ndiyo sababu mizigo yangu naipanga kwa vitu ambavyo kaya inavihitaji kweli, na siweki makreti yasiyo na jina.

2 Februari: Kipima kimo kinachodanganya

Kipima kimo cha ndege ni kipima shinikizo la hewa. Hewa baridi ni nzito na imejibana, kwa hiyo futi 1,000 zinazoonyeshwa kwenye baridi kali ni chache kuliko futi 1,000 za kweli. Jedwali la ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, linasema: ukiwa futi 1,000 juu ya uwanja na ardhini ni nyuzi −30 za Selsiasi, uko chini ya unavyodhani kwa futi 190, kwa −40 ni futi 240.

Nilitaka kujua kama simuleta inalijua hilo. Jaribio ni rahisi na kila mtu alifanye kwake: weka −40, weka kipima kimo kwa shinikizo la kituo, ruka juu ya uwanja kwa futi 1,000 zinazoonyeshwa juu yake, kisha angalia kipimo cha redio kinachopima ardhi moja kwa moja. Ukisoma karibu 760, baridi inaigizwa. Ukisoma 1,000, haiigizwi, na mahesabu yako ya kushuka ndani ya wingu hayana maana.

Yangu ilisoma 980. Nilikaribia kuandika kwamba haiwezi. Kumbe nilikuwa nimeweka baridi kwenye tabaka la ardhini peke yake, na hapo juu hewa ilibaki ya kawaida. Nilipoiweka kwenye tabaka zote hadi futi 10,000, kipimo cha redio kilisoma 770.

Lakini subiri. Majira ya baridi ya Aktiki halisi yanafanana zaidi na lile jaribio la kwanza. Ardhi inapoteza joto usiku kucha, na hewa iliyo futi elfu moja au mbili juu huwa na joto zaidi kuliko ya chini kwa nyuzi 10 na kuendelea. Kwa hiyo jedwali, linalohesabu kwa baridi ya ardhini, mara nyingi linazidisha kosa. Marubani halisi hulitumia hivyohivyo, kwa sababu kosa la kukuweka juu zaidi ya mlima halijamdhuru mtu. Nami nalitumia hivyohivyo. Kwa hali ya hewa ya moja kwa moja simuleta inaleta tabaka zake yenyewe, na nimekuta tofauti za futi 90 hadi 200 kwa siku zenye −35.

Injini: ndege iliyolala nje kwa −38 haiwashwi hivihivi. Kule hupuliziwa hewa ya moto kwa mashine za Herman Nelson na kufunikwa blanketi. Simuleta yangu inaigiza betri iliyoganda lakini si mafuta mazito ya kulainishia, kwa hiyo kanuni ni ya mkono: dakika 45 za kungoja kabla ya kuwasha. Nazitumia kupanga njia.

16 Februari: Hesabu ya mapipa

Eureka ndiyo iliyovunja kanuni ya mafuta, na kuvunjika kwenyewe ndiko kulikonifunza mengi.

Namba ni hizi. Uzito wa juu wa kuruka ni kilo 5,670. Ndege yangu tupu, marubani wawili, hema, jiko na chakula cha dharura ni kilo 3,680. Zinabaki 1,990 za kugawana mafuta na mzigo. Matangi yanachukua kilo 1,150 hivi, na injini zinakula 270 kwa saa. Resolute hadi Eureka ni maili 338, saa mbili na dakika ishirini, kilo 630. Kurudi ni 630 nyingine. Akiba ya dakika 45 ni 200. Jumla 1,460. Matangi hayatoshi, basi mafuta ya kurudia lazima yawepo Eureka.

Kwa kanuni yangu lazima niyapeleke mwenyewe. Pipa la lita 205 lina mafuta ya kilo 165 na linapima karibu 185 pamoja na chuma. Napakia manne, kilo 740. Nafika Eureka nikiwa na 520 kwenye matangi. Kurudi kunataka 830. Natoa 310 kwenye mapipa. Nimeacha kilo 350. Nimechoma 1,260 ili kuweka 350. Ni mchuuzi anayekula karanga zake njiani na kufika sokoni na kiganja kimoja.

Nikajaribu kupitia Grise Fiord. Huko safari ni fupi: kilo 790 kwenda na kurudi, akiba 200, mapipa matano, yaani kilo 825 zinazobaki kwa 790 zilizochomwa. Kisha kutoka Grise Fiord hadi Eureka, maili 217, nayo inaruhusu mapipa matano na kurudi. Ukijumlisha yote, kila kilo iliyofika Eureka imegharimu kilo 2.9, badala ya 3.6 kwa njia ya moja kwa moja. Faida ipo, ila unailipia kwa kutua na kuruka ukiwa mzito kwenye mita 500, tena na tena, gizani. Nililifanya kwa mzunguko mmoja kamili na kuacha. Hakuna mwendeshaji mwenye akili angelifanya.

Kilichobaki ni kutazama wenyewe wanavyoishi. Mafuta ya vituo hivi huletwa na meli kiangazi na kuhifadhiwa. Ndege huyachukua kwa kiasi na kwa ruhusa. Meli moja ya Agosti ndiyo inayoziwezesha Twin Otter kuruka Februari. Kwa hiyo kanuni imebadilika: kila kituo kina gao. Eureka inanipa kilo 700 kwa kila kufika, na kila kilo ninayochukua naiandika kwenye daftari la kituo mpaka meli irudi. Daftari likiisha, njia imefungwa. Naona ni kanuni bora kuliko ya awali, maana sasa nafikiria mwaka mzima badala ya safari moja.

1 Machi: Eureka, na mahali pa kuamua

Jua limerudi Eureka wiki iliyopita, baada ya miezi minne. Bado liko chini sana, lakini linatosha kuhakiki jairo, na ni rahisi kuliko mwezi.

Gao lipo, ila swali linabaki: itakuwaje Eureka ikifungwa na ukungu nikiwa njiani? Kwenda Eureka kisha Grise Fiord kunataka kilo 1,235 pamoja na akiba. Matangi hayana hizo. Hakuna uwanja mbadala isipokuwa ule nilioutoka. Kwa hiyo kuna mahali njiani ambapo lazima niamue, na nikishapita siwezi kurudi tena.

Mafuta ya kutumia ukiondoa akiba ni kilo 950, saa tatu na nusu. Bila upepo mahali hapo ni maili 254 kutoka Resolute. Wengi hudhani upepo wa mbele wakati wa kwenda utakusaidia kurudi, na mambo yatakuwa sawa. Hayawi sawa. Kwa upepo wa noti 20, uwe wa mbele au wa nyuma, umbali unashuka hadi 249. Kwa noti 40 ni 234. Upepo wa aina yoyote unakusogezea mahali pa kuamua karibu na nyumbani. Ukiwa wa mbele unapafikia ukiwa na muda mwingi wa kufikiri. Ukiwa wa nyuma unapafikia haraka, na hapo ndipo watu hupitiliza.

Utaratibu wangu: dakika kumi kabla ya hapo nasoma ripoti mpya ya Eureka. Mwonekano chini ya maili tatu, au joto na kiwango cha umande vikiwa vimekaribiana huku upepo umetulia, nageuka. Sijadili. Rafiki yangu wa Mombasa huketi kama mtu wa kituo na kunisomea ripoti. Amenigeuza mara kadhaa nikiwa naona mbele kweupe kabisa. Safari moja kati ya hizo, saa moja baadaye kituo kiliripoti mwonekano wa robo maili. Anayetaka kuiga mradi huu atafute mtu wa aina hiyo kabla ya kutafuta joystiki.

Gridi ya njia hii ni 111. Uwanja uko kando ya fiodi ya Slidre, mrefu, mpole. Hakuna la kueleza juu ya kutua.

29 Machi: Alert

Eureka hadi Alert ni maili 258. Kwa kaskazini ya kweli unaanza na 043 na kufika na 067. Kwa gridi ni 129 mwanzo hadi mwisho. Aliye na shaka na gridi aijaribu hapa, kwa nyuzi hizo 24 za tofauti ndani ya saa moja na dakika 47.

Alert ni kituo cha jeshi, na ruhusa hutakiwa kabla ya kutua. Mahitaji yake makubwa huletwa na ndege za mizigo za jeshi la anga la Kanada, zikiwemo Hercules, kutoka kambi ya Thule huko Greenland, ambayo sasa inaitwa Pituffik. Oktoba 1991 mojawapo ya Hercules hizo, ikiwa na watu 18, ilianguka gizani kilomita 16 hivi kabla ya uwanja. Wanne walifariki palepale, wa tano kwa baridi, na dhoruba iliwachelewesha waokoaji zaidi ya saa 30. Kilomita 16. Kwa hiyo kwenye mzigo wangu hema, jiko na mifuko ya kulalia havipunguzwi ili kuongeza shehena, hata ndani ya simuleta.

Mafuta ya kwenda na kurudi pamoja na akiba ni 1,160. Matangi ni 1,150. Mahali pa kuamua ni maili 254 kati ya 258, yaani karibu unauona uwanja. Nilibeba pipa moja la ziada na pampu ya mkono, la kujaza Alert ardhini, ili nisiguse akiba ya jeshi. Hilo linaacha kilo 655 za mzigo.

Jaribio la kwanza niligeuka maili 90 kutoka Eureka: bawa lilianza kushika barafu ndani ya wingu la futi 8,000, kasi ikashuka hadi noti 125, na kwa kasi hiyo pipa moja karibu haliachi ziada yoyote. Kupanda hadi 11,000 kulisaidia kasi, ila marubani wa ndege hii isiyo na shinikizo wanahitaji oksijeni wakikaa juu ya futi 10,000 kwa muda, na simuleta haihesabu hilo. Nimeongeza chupa ya kilo 20 kwenye orodha ya uzito.

Safari iliyofika ilikuwa ya anga safi, upepo wa mbele noti 12. Nilitua na kilo 630 kwenye matangi, nikaongeza 165 za pipa, na kurudi Eureka na 355, juu ya akiba. Pipa tupu nimelirudisha. Kilo 20 za chuma nazo zinaingia kwenye hesabu.

Bado haijatatuliwa: ardhi kati ya Eureka na Alert ina mshono mbaya kwenye nyuzi 82, ambapo mabamba mawili ya ArcticDEM yanapishana kwa mita chache, na barafu ya Ellesmere inaonekana imepasuka mstari mnyoofu. Kuyaunganisha kabla ya kuondoa tofauti ya usawa wa bahari, badala ya baada, kumepunguza pasuko lakini hakujaliondoa. Daftari la Eureka limebaki na gao la kufika mara nne kabla ya meli.